Sikio Nililomchorea Mbuzi wa Ntheo

Asubuhi moja, kwenye saiba ya ghorofa ya kwanza mjini Machakos, kompyuta tisa zililia kama mbuzi. Kosa lilikuwa langu. Patricia, mwenye saiba, alikuwa amenifanyia hisani ya kuweka tovuti yangu mpya iwe ukurasa wa kwanza kwenye kila mashine, nami nilikuwa nimeitia sauti bila kumwambia, nikitaka kumshangaza. Laini ilikuwa moja na mwendo wake wa kobe, kwa hivyo sauti haikufika kote kwa pamoja. Mbuzi wa kompyuta ya kwanza alilia, wa tatu akamjibu, wa saba akaingilia kati kama jirani asiyeweza kunyamaza. Jamaa aliyekuwa akiandika barua ya kuomba kazi aliruka na kiti chake. Sista mmoja wa misheni alicheka hadi miwani ikamdondoka.

"Fundi Mbithi!" Patricia aliita kutoka kaunta. "Umeniletea soko la mbuzi ndani ya saiba?"

"Ni mbuzi halisi huyo," nikamwambia kwa majivuno. "Nilimrekodi mwenyewe."

"Basi mfunge kamba, wateja wangu wanatoroka!"

Vijana wangu, ninyi mnaotengeneza kurasa leo mkiwa mmekaa kwenye viti vinavyozunguka, mimi nimestaafu, lakini vidole vyangu havijapata habari. Kila nikishika kijiko vinataka kubonyeza kitu. Basi nimevipa kazi ya kuwaandikia. Nataka kuwaambia jinsi tovuti inavyoweza kumshika mtu macho, masikio, hata ngozi, na jinsi sikio moja la mbuzi, nililolichora kwa mkono huu, lilivyokaribia kuvunja ndoa ya watu wawili ambao hawakuwa wamenikosea lolote.

Kabla ya tovuti nilikuwa mchoraji wa mabango. Kama mlipita Kyumbi miaka ya tisini mkaona kikombe cha chai ukutani kinachotoa mvuke mwingi kuliko treni, kile kilikuwa changu. Nilichora viatu kwa fundi viatu, meno kwa mng'oa meno, na mbuzi kwa wenye bucha. Mbuzi hasa. Sijui kama kuna bucha kati ya Machakos na Athi River ambayo haikuwahi kuwa na mbuzi wangu ukutani, amenona, anatabasamu, hana habari.

Ile kazi ya brashi ndiyo iliyonipa somo la kwanza kuhusu binadamu. Andika ukutani RANGI MBICHI USIGUSE, kisha kaa kando ujifanye unakunywa soda. Watagusa. Mzee wa kanisa atagusa, askari atagusa, mama aliyevaa nguo nyeupe atagusa kwa kiwiko akidhani kiwiko hakihesabiwi. Mtu haamini macho yake peke yake. Macho yanaleta habari, lakini kidole ndicho shahidi. Nilijua jambo hilo miaka yote, na siku nilipolihitaji nikalisahau kabisa.

Patricia ndiye aliyenifundisha kompyuta. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano na hakuwa na huruma hata chembe. Nilikuwa nikimaliza mstari, nakipangusa kipanya kwenye suruali, kama brashi.

"Fundi, hiyo haina rangi."

"Najua."

"Mbona unapangusa?"

"Mkono haujajua."

Tulicheka, lakini kumbukeni jibu hilo. Mkono una akili yake, na akili ya mkono ni ya kizamani. Ukihamia chombo kipya, mkono unakuja na mizigo yake yote ya zamani, na haukuombi ruhusa.

Tovuti yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ya Mama Ndunge, mwanamke wa Kithimani aliyefanya biashara ya mbuzi tangu kabla sijaota ndevu. Alikuwa na sauti ya kufukuza mwewe na wazo ambalo wakati huo lilikuwa kama kichaa. "Watoto wetu wameenda ng'ambo," aliniambia. "Wanauguza wazungu, wanaosha vyombo, wanasoma. Na kila mmoja ako na mama hapa Yatta. Sasa akitaka kutumia mama yake mbuzi, atatuma na bahasha? Wewe weka mbuzi zangu kwa hiyo kompyuta. Yeye achague huko, mimi nipeleke hapa."

Nilimwambia ni rahisi. Hapo akanishika kifundo cha mkono, akanivuta katikati ya zizi, akaubandika mkono wangu juu ya mgongo wa mbuzi.

"Finya. Iko nini hapo?"

"Mfupa."

"Hiyo ni ya kuuzia mtu hakupendi. Sasa finya hii ingine."

Nikafinya. "Aisee, ni kama mto!"

"Ndiyo hiyo. Mbuzi hainunuliwi na macho, Fundi. Sasa niambie, hiyo tovuti yako iko na mkono?"

Nikamjibu kwamba ina macho, na nikitaka, nitaitia masikio pia.

"Hiyo ni nusu mtu," akasema. "Lakini sawa, tuanze na nusu."

Nilianza na nusu kwa furaha ya mwendawazimu. Niliazima kamera iliyokuwa ikimeza disketi, picha chache tu na disketi imeshiba. Nilipiga mbuzi mmoja mmoja wakati jua la asubuhi lilipokuwa linawapita manyoya ya mgongoni na kuwafanya waonekane wamevaa taa. Ah, vijana! Hamjui raha ya picha inayofika polepole. Siku hizi picha inakurukia. Sisi picha yetu ilishuka kama pazia: kwanza pembe, halafu paji la uso, halafu jicho moja linakuangalia kama linakujua. Watu walienda kunywa chai wakarudi wakapata mbuzi amefika shingoni. Wakasubiri kifua. Wakabishana kama atakuwa dume au jike. Kuna waliokaa saiba saa nzima ili waone kwato.

Nikaweka maandishi mekundu yanayowaka na kuzima. Nikaweka nyasi za kijani nyuma yake, zenye kijani kikali kiasi cha kuumiza macho. Nikaweka ule mlio, ambao Patricia alinilazimisha kuufunga kamba: nikamwekea mtu kitufe, akitaka kusikia abonyeze, asipotaka mbuzi anyamaze. Somo hilo lishikeni. Usimwingilie mtu masikioni bila kubisha hodi.

Kisha nikafika kwa mbuzi mweupe.

Alikuwa jike mchanga, mweupe kama unga wa daraja la kwanza, na baka la kahawia kifuani. Mzuri kupindukia. Ila sikio lake la kulia lilikuwa limekatwa pembeni, pengo la umbo la pembetatu, safi, la kisu. Mtoto yeyote wa Ukambani anajua maana yake. Kila boma lina namna yake ya kukata sikio, ili mifugo ikichanganyika malishoni kila mmoja amjue wake. Ile ilikuwa alama ya Mama Ndunge; wenzake nilikuwa nimewapiga picha upande wa kushoto, kwa hivyo kwao haikuonekana. Mimi nililelewa na alama kama hizo.

Lakini mbuzi wa ukutani, yule wa bucha, ana masikio mawili kamili. Nilimchora mamia ya mara na kila mara nilimpa masikio mawili kamili. Nilipoiona ile picha kwenye skrini, mkono ulitangulia. Nikalichukua sikio la kushoto, nikalinakili, nikaligeuza lielekee upande wa pili, nikalibandika juu ya pengo. Nikasafisha ukingo. Nikaongeza weupe kidogo, maana brashi ikiwa mkononi, nani anaacha? Nikakipangusa kipanya kwenye suruali na kupiga mluzi. Mama Ndunge hakuiona picha hiyo. Alikuwa Kithimani na mbuzi wake, na kompyuta ya karibu naye ilikuwa huku kwetu mjini.

Oda kubwa ya kwanza ikaja kwa barua pepe kutoka kwa kijana anayeitwa Kioko, aliyekuwa akitunza wazee katika nyumba moja Uingereza. Alitaka mbuzi watatu, dume mmoja na majike wawili, na alieleza ni wa nini: ntheo.

Kwa msiojua, kwetu unaweza kufunga harusi kanisani na keki ya orofa saba, lakini kama mbuzi wa ntheo hawajaingia nyumbani kwa wazazi wa msichana, bado hujaoa. Ndiyo mlango wenyewe. Kioko alitaka kumwoa Mumbua, mwalimu wa chekechea, binti wa boma moja nje kidogo ya Kithimani. Hakupata likizo, kwa hivyo wazee wake wangemwakilisha. Kitu pekee alichoweza kufanya kwa mkono wake mwenyewe kilikuwa kuchagua mbuzi, na akawachagua kwenye tovuti yangu. Mwishoni mwa barua aliandika: "Yule mweupe wa masikio mazuri asikose. Mumbua amempenda."

Mumbua alikuwa amekuja saiba kwa Patricia, akamtazama mbuzi akishuka kama pazia, akachapisha ukurasa kwa rangi, akaupeleka nyumbani. Ukapita mikono yote ya boma lile hadi ukafika kwa baba yake mkubwa, Mzee Nzioka.

Mzee huyu alikuwa ameshika stoo ya kiwanda kimoja cha Athi River miaka mingi, na alistaafu na mazoea yote ya stoo: hakipokelewi kitu kisicholingana na karatasi. Tena hakuwa amempenda huyo bwana harusi wa mbali. "Mwanamume anatuma mbuzi na kompyuta," alisema mbele ya watu, "kesho atatuma na nini, watoto?" Babake Mumbua alikuwa amefariki, kwa hivyo neno lilikuwa la Mzee Nzioka. Naye alikuwa ametangaza wazi: kosa moja tu, mbuzi wanarudi walikotoka, na habari ya Kioko isizungumzwe tena katika boma hilo.

Siku ya ntheo Mama Ndunge alikodi pikapu, akaniambia nije na kamera nipige picha za kuweka kwenye tovuti, ili wateja waone kazi imefanyika. Nilivaa shati jipya. Wazee watatu wa upande wa Kioko walikuwa mbele na dereva, mimi na Mama Ndunge nyuma na mbuzi. Njia nzima nilimwona yule mweupe akitikisa sikio lake lililokatwa usoni pangu, na akili yangu, naapa, haikusema kitu.

Tukafika getini, na kina mama wa boma wakatufungia, kama ilivyo desturi.

"Ninyi ni akina nani?"

"Ni wageni," mzee wetu mmoja akajibu.

"Wageni tuko nao. Wengine wa nini?"

"Tumeona ua zuri hapa ndani."

"Ua liko na mwiba!"

Wakacheka, wakaimba, wakakataa kufungua. Na kwa kuwa tulikaa hapo muda mrefu, acheni niwashike na ninyi hapo getini kidogo, niwaambie jambo.

Siku hizi mjukuu wangu ananiletea habari za ajabu. Anasema kuna miwani unavaa, na chumba unachokiona hakipo. Kuna glavu zinazokufinya vidole ili uhisi umeshika kitu kilicho ng'ambo ya bahari. Simu inatetemeka kiganjani kama kifaranga. Kuna watu, anasema, wanahangaikia harufu. Nikisikia hayo nashindwa kukaa kwenye kiti. Harufu! Fikirieni mtoto wetu aliye kwenye baridi huko, anafungua ukurasa wa nyumbani kwao, na pua yake inapokea mvua ya kwanza ikigonga vumbi la Yatta. Nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na fimbo yangu, nikisukuma watu. Wazee wenzangu wanasema mambo haya yatawapoteza vijana. Mimi nasema yaje yote, tena yaje upesi, kwa sababu nimeishi wakati wa nusu mtu na nataka kumwona mzima.

Ila kila chombo kipya kitakachokuja, kitakuja kwa mkono wenye mazoea ya zamani. Mkono wako. Uangalie.

Geti likafunguliwa.

Mbuzi wakasimamishwa uani mbele ya wazee. Mzee Nzioka alitoka na faili. Ndani ya faili, katika karatasi ya plastiki, mlikuwa na ukurasa wangu. Akaushika kando ya mbuzi wa kwanza, yule dume, akatazama karatasi, akatazama mbuzi, karatasi, mbuzi. Akatikisa kichwa: sawa. Wa pili, sawa. Akafika kwa mweupe.

Akatazama karatasi. Akatazama mbuzi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hii si ile," akasema.

Mumbua alikuwa mlangoni mwa jikoni na sufuria mkononi, nikamwona akiiweka chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Ni ile ile, mzee," Mama Ndunge akasema. "Imezaliwa kwa mikono yangu."

"Mama, mimi nimepokea bidhaa miaka mingi. Hii ya karatasi iko na masikio mbili. Hii umeleta iko na moja na nusu. Mmebadilisha mbuzi ya msichana wetu njiani." Akafunga faili. "Nilisema kosa moja. Rudisheni."

Wazee wa Kioko wakaanza kusimama. Mama Ndunge akanigeukia polepole. Nimewahi kuangaliwa na fahali, na fahali alikuwa na upole kuliko yeye.

"Fundi," akasema. "Kwa karatasi, sikio ilitoka wapi?"

Vijana, hapo ndipo nilipokikumbuka kipanya nilichokipangusa kwenye suruali. Ningeweza kunyamaza. Kamera ilikuwa shingoni, geti lilikuwa wazi. Lakini nilimwona yule msichana mlangoni.

"Niliiweka mimi," nikasema.

Mzee Nzioka akageuka. "Wewe ni daktari wa mifugo?"

"Mimi ni fundi wa tovuti."

"Na umeshonaje sikio ya mbuzi na kompyuta?"

"Nilichukua ya kushoto, mzee. Nikaigeuza. Nikaibandika kulia."

Akaifungua tena faili, akaileta karatasi karibu na pua. "Kwa hivyo hii mbuzi iko na masikio mbili za kushoto?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

"Ndiyo, mzee."

"Na hii weupe?"

"Niliongeza."

"Na nyasi?"

"Nyasi pia."

"Hata nyasi!" Sauti yake ilipanda. "Basi hapa tumeletewa nini? Kama sikio ni uwongo, nani ataniambia huyo Kioko mwenyewe si picha?"

Hapo ndipo sauti ikatoka kivulini, upande wa jikoni. "Nzioka. Unapigia nani kelele?"

Ilikuwa ya nyanya yake Mumbua, mama mzazi wa Mzee Nzioka, ambaye boma zima lilimwita susu. Macho yake yalikuwa yamezima miaka mingi kabla ya hapo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akitafuna kitu, na hakuna mtu aliyekuwa amekumbuka kumwonyesha ile karatasi, kwa sababu angeionaje?

"Ni mbuzi, mwaitu," Mzee Nzioka akamjibu mama yake, sauti imeshuka ghafla. "Hailingani na karatasi."

"Wewe umesoma karatasi. Sasa wacha mimi nisome mbuzi. Ileteni."

Mama Ndunge akamvuta yule mweupe hadi kwenye kigoda. Susu akamwanzia mdomoni, akapitisha kidole gumba kwenye meno. Akashuka shingoni. Akafinya mgongo mahali pale pale nilipofundishwa kufinya, akaguna kwa raha. Vidole vyake vilikwenda bila haraka, kama watu wanaorudi nyumbani kwa njia wanayoijua. Vikapanda hadi sikio la kulia, vikakuta pengo, vikalizunguka mara mbili.

"Hii imekatwa na mwenyewe," akasema. "Kisu kizuri. Nzioka, ulitaka sikio nzima?"

"Ndiyo iko kwa karatasi."

"Mbuzi kubwa hivi, sikio haina alama, hiyo ni mbuzi ya nani? Si ni ya wizi? Ulitaka mjukuu wangu aolewe na mbuzi haina kwao?"

Mzee Nzioka akaishusha faili.

Susu akanielekezea uso, sawasawa kabisa, kana kwamba ananiona. "Na wewe wa kompyuta. Hukuongeza sikio. Umeifutia mbuzi ya watu nyumbani kwao."

Sijawahi kusahihishwa hivyo. Walimu wangu wote wa brashi na wa kipanya hawakufika hapo. Nilikuwa nimedhani natengeneza uzuri, kumbe lile pengo ndilo lilikuwa neno la ukweli pekee katika ukurasa mzima, na mimi ndiye niliyelifuta.

Lakini susu hakuwa amemaliza. Kiganja chake kilikuwa kimeshuka tumboni kwa mbuzi na kutulia. Akaacha kutafuna. Akainua mkono mwingine tunyamaze, ingawa tulikuwa tumenyamaza.

"Mmehesabu mbuzi ngapi?"

"Tatu, susu," Mumbua akajibu kutoka mlangoni.

"Hamjui hesabu. Ziko nne." Uso wake wote ukafunguka. "Hii iko na mtoto."

"Ati nini?" Mama Ndunge akaruka. "Mtoto? Mimi mbona sijui?"

"Ungejua ungepandisha bei!" mmoja wa kina mama akapaza sauti, na uani pakalipuka. Mama Ndunge mwenyewe alicheka hadi akashika pikapu. Wazee wa Kioko walikaa tena, mmoja akijipiga paja. "Macho yote hii imejaa hapa," susu aliendelea, akifurahia, "na hakuna moja imeona mimba!"

Mzee Nzioka peke yake ndiye aliyebaki wima na faili lake. Tulimngoja. Akatoa kalamu mfukoni, akaandika juu ya ukurasa wangu, akapiga mstari, akatia sahihi. Akanionyesha. Alikuwa ameandika: *Sikio: pungufu. Mtoto: ziada. Imepokelewa.*

"Ziingie," akasema, na vigelegele vikamfunika.

Jumatatu iliyofuata nililitoa sikio langu kwenye tovuti na kurudisha pengo la Mama Ndunge. Kisha nikaenda kwa susu na daftari, nikamwomba awashike mbuzi wa Mama Ndunge siku za soko, mmoja mmoja, na kunieleza. Aliyosema niliyaweka chini ya kila picha. "Mgongo unajaza kiganja." "Kwato kavu, hii imetembea milimani." "Hii ni mkaidi, lakini shingo yake iko na joto nzuri." Barua pepe zilikuja kama mvua. Mwanamke mmoja aliandika kutoka mbali kwamba alisoma, akafumba macho, na kiganja chake kikawasha. Na miaka mingi baadaye, zilipokuja kompyuta zinazomsomea asiyeona, tovuti nyingi nzuri zilimwambia tu "picha, picha, picha". Ya Mama Ndunge ilimsimulia mbuzi mzima. Basi hiyo ndiyo siri yangu yote ya kazi, chukueni: maneno ndiyo vidole vya tovuti, hadi hapo glavu zenu zitakapofika, na nadhani hata baada ya hapo.

Lakini bado hatujatoka uani. Dume alikuwa ameshachinjwa na nyama iko motoni wakati simu ya Mama Ndunge ilipolia. Mtandao ulipatikana pembe moja tu, karibu na tangi la maji, na yeye mikono yake ilikuwa na damu, kwa hivyo nikaishika mimi, nikataja jina langu.

"Fundi? Ni Kioko. Zimeingia?"

"Zimeingia, kijana wangu. Zimepokelewa na sahihi."

Upande wa pili nikasikia pumzi ndefu, kisha mvua.

"Niambie basi," akasema. "Mimi sioni kitu. Niko nyuma ya jikoni hapa kazini, break yangu ni fupi, na kadi ya simu karibu inaisha. Niambie iko aje."

Miaka yangu yote nilikuwa nimelipwa kwa picha. Sasa nilikuwa na mdomo tu. Nikamwambia jua limeegemea bati. Nikamwambia moshi ni wa kuni za mgunga, unakuja chini chini, unaingia kwenye mashati. Nikamwambia mafuta yanaanguka motoni na kusema *chwii*, na baba yake mdogo amekatiwa ubavu, ngozi imekauka kama kaki, ndani bado ni laini, anaitia chumvi kwa vidole vitatu. Nikasikia kitu kinatafunwa.

"Unakula nini?"

"Mkate," akasema, mdomo umejaa. "Mkavu. Endelea, Fundi. Rudi kwa ubavu."

Nikarudi kwa ubavu. Kila nilipotaja mfupa alitafuna, kila nilipotaja mafuta alimeza, na nilicheka hadi nikashika tangi. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Na Mumbua? Ako aje?"

Nikamtazama. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, amefunga leso mpya kiunoni, unga mkononi. Maneno yalinijia, mazuri pia. Lakini mara hii mkono wangu ulikuwa umejifunza. Nikampa simu.

Aliiweka sikioni. Hakusema halo. Sijui Kioko alimwambia nini, au kama alisema kitu au alitafuna tu, lakini Mumbua akaanza kucheka, akajiziba mdomo na ule unga, akacheka zaidi, akageuka kutuficha uso, na hivyo ndivyo ilivyokwisha kadi ile ya simu, dakika zake zote za mwisho, hadi mlio wa kukatika ukaja na yeye bado anacheka.